Maandishi Nyuma ya Gari la Mwalimu

Ayuma mwanangu,

Nyumba imenyamaza tangu ulipoondoka mchana kwenda Bukura kumuaga kukhu, bibi yako. Begi lako liko hapa kando ya mlango, limefungwa, na kila nikipita nalizunguka kama mtu anayemkwepa kuku aliyeatamia. Nimesonga ugali wa watu wawili kwa mazoea. Nimekula wangu, wako nimeufunika na sahani, ndipo nikakumbuka kwamba unalala huko na asubuhi utapita hapa kubeba mzigo tu. Nikatafuta kalamu.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia mpaka siku hizi unayamaliza kabla yangu. Kazi nayo sina jipya la kukufundisha. Mombasa utakuta rangi ya magari inayoliwa na chumvi ya bahari, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona kwa macho yangu. Nataka kukusimulia nilikokosea. Mengine unayajua nusu, mengine hukuwapo.

Nianze na bei.

Kiwanda cha sukari cha huku kilipolala, baba yako alienda upande wa Jinja kutafuta kazi. Akapata kazi, akapata nyumba, na ile nyumba ikapata mke mwingine. Wewe ulikuwa unajifunza kutembea. Mimi nilikuwa nafagia kwenye gereji ya fundi Musa, mzee wa Mumias aliyekuwa akipiga rangi magari yaliyogongwa. Asubuhi moja kijana wake wa kung'arisha hakutokea, na mwenye gari alikuwa njiani. Mzee akanipa ile mashine. "Ishike kama mtoto anayetaka kushuka mapajani," akaniambia. "Usimbane, na usimwachie." Nikashika. Nilipoona ukungu wa mikwaruzo unatoka kwenye ile boneti na mawingu ya juu yanaingia mahali pake, moyo ulinienda mbio. Mzee alipochoka na kurudi kwao Mumias, aliniachia mashine, na mimi nikafungua kazi yangu pale petu kando ya barabara.

Lakini kushika mashine ni jambo moja na kutaja bei ni jingine. Mtu akisimama pale, kabla hajafungua mdomo, nilikuwa nimeshamtazama viatu, nikamtazama uso, nikaanza kutafuta bei ambayo hangeikataa. Nilikuwa namwomba asiondoke, ndiyo maana yake. Nilikuwa nimeachwa mara moja, na sikutaka kuachwa tena hata na mtu wa kuoshewa gari.

Kuna afisa mmoja alikuja na gari kubwa jeusi, karibu jipya, ila lilikuwa limeoshwa kwa matambara machafu mpaka jua likilipiga unaona viduara juu ya viduara, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nililizunguka nikatamani kulia kwa furaha, kwa sababu nilijua kila kitu ambacho ningelifanyia. Akaniuliza, "Mama, itakuwa ngapi?" Nikataja kitu kidogo sana. Akanitazama, akacheka, lakini hakucheka kwa ubaya.

"Kwa bei hiyo utaniharibia gari," akasema. "Mtu anayejuanga hii kazi hawezi kuitisha hivyo."

Akawasha gari, akaenda Kisumu. Ungedhani nilijifunza. Kesho yake alikuja mtu mwingine, nikashusha hata zaidi.

Halafu wale vijana wakafungua ng'ambo ya barabara. Unawakumbuka, waliokuwa wakipiga muziki tangu alfajiri na kuosha magari kwa sabuni ya unga. Bei yao ilikuwa nusu ya yangu, na yangu ilikuwa tayari ya huruma. Wateja wakaanza kuvuka. Wengine walipita wakinipungia mkono, wengine walijifanya hawanioni. Nilikuwa nakaa kwenye kile kiti cha plastiki nikitazama maji ya watu wengine yakiteremka mtaroni.

Wakati huo ndipo Mwalimu Mukabane alipokuja. Umewahi kuniuliza kwa nini Mwalimu hupita pale petu akapiga honi lakini hasimami, na kila mara nilikwambia ana haraka. Hana haraka. Mwalimu alistaafu zamani.

Wewe ulikuwa shuleni, bwenini. Alikuja na lile gari lake la buluu iliyoiva, la zamani, akitoka nyumbani kwake Navakholo. Barabara ya murram ilikuwa imelipaka vumbi hadi kwenye vioo. Alikuwa na safari ya kupeleka wazee kwenye posa ya mpwa wake, akataka lioshwe nje, viti visafishwe, basi.

"Uniachie mpaka kesho jioni, Mwalimu," nikamwambia.

"Kuosha tu ndiyo mpaka kesho?"

"Niachie. Utafurahi."

Nilikuwa nimeshaamua. Rangi ya buluu iliyoiva ndiyo huonyesha kazi kuliko zote. Kila kosa lake linaonekana na kila uzuri wake unaonekana. Nikasema moyoni, nitalirekebisha gari hili lote, bure, nilisimamishe mbele ya barabara. Wale vijana walione, na wateja wangu waliovuka walione. Nikajiambia ni zawadi kwa Mwalimu. Kwa kweli nilikuwa nafanya tangazo kwa gari la mtu.

Nilipomaliza kuosha, nikapitisha taa. Mikwaruzo ya kawaida ilikuwa kila mahali. Lakini kwenye buti, nyuma ya gari, kulikuwa na herufi. Zilikuwa hafifu, zinaonekana tu taa ikilala upande. Mtu alikuwa ameandika kwa kidole juu ya vumbi, na yale mawe madogo ya vumbi yakakwaruza. Ziliandikwa kwa mkono wa mtoto, moja kubwa, moja ndogo, zikipanda kama zinakwenda mlimani: BABA NIOSHE.

Nilicheka. Watoto wote huandika hivyo kwenye magari. Nikapitisha ukucha, haukunasa, nikajua zitatoka. Na nikazitoa. Zilikuwa ndani kuliko mikwaruzo mingine, kwa hiyo nilikaa pale kwenye buti kuliko mahali pengine popote, nikianza na dawa kali, nikimalizia na laini, mpaka nikaweka taa kila upande nisione kitu. Najua nilikuwa naimba.

Unajua tunachofanya, mwanangu, huna haja ya kuambiwa. Hatujazi mkwaruzo. Tunakula tabaka la juu lote mpaka lifikie kina chake. Kilichotoka hakirudi.

Mwalimu alikuja jioni jua likiwa bado na nguvu. Nilikuwa nimeligeuza gari litazame barabara. Alisimama mbali kwanza.

"Wee Mama Ayuma! Hii ni gari yangu kweli?"

"Ni yako, Mwalimu."

Akaja karibu, akajiona kwenye mlango, akarekebisha kola ya shati akitumia mlango kama kioo. Tukacheka wote wawili. Ng'ambo vijana walikuwa wamezima muziki wanatazama. Ayuma, hiyo ilikuwa mojawapo ya dakika nzuri sana za maisha yangu. Halafu akazunguka nyuma.

Akainama. Akaweka kiganja kwenye buti, akakitoa, akasogea upande ili mwanga uingie vizuri. Akainama tena.

"Hapa kulikuwa na maandishi," akasema.

"Yale? Yameisha," nikasema kwa majivuno. "Nimeyatoa yote. Yalinisumbua kuliko gari zima."

"Umeyatoa."

"Yote."

Hakuinuka mara moja. Alipoinuka hakunitazama, alitazama barabara. "Ni Joshua aliandika," akasema. "Kijana yangu. Akiwa darasa la nne. Nilimchapa sana kwa hiyo maneno. Nilimwambia gari haiandikwangi kama ubao." Joshua alikuwa amekufa miaka mingi nyuma. Nilikuwa nimesikia kwamba Mwalimu alipoteza mtoto kwa homa, lakini sikuwahi kuliunganisha na lile gari. "Asubuhi nikioshanga, jua likitokea upande wa shamba, nilikuwa nayasoma."

Na unajua nilichosema? Nilisema, "Mwalimu, usilipe. Leo usilipe kitu."

Hapo ndipo alipokasirika. "Kwani unafikiri ni bei?" akaniuliza. Sauti haikupanda, lakini vijana wa ng'ambo waligeuza macho. "Mimi nilikuambia uoshe gari. Nilikuambia kitu ingine?"

"Hapana, Mwalimu."

Akalipa kama tulivyokuwa tumekubaliana, hakuzidisha wala hakupunguza, akaingia ndani na kuondoka polepole. Lile gari lilikuwa zuri, Ayuma. Mpaka likapinda kona lilikuwa zuri.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Siku ya soko la Navakholo nikachukua boda, nikabeba kuku mapajani, nikaenda kwake. Njiani nikaona ujinga wangu: unampelekea mtu ingokho nyumbani kwake, wakati yeye ndiye anayepaswa kukuchinjia wewe mgeni? Lakini nilikuwa nimeshafika mbali. Mkewe alinipokea, akamchukua kuku bila kushangaa, akamwachilia pamoja na wake, akachinja mwingine. Tulikula obusuma, ugali wa moto, sote watatu. Mwalimu aliongea habari za mvua na mahindi yaliyoshikwa na viwavi. Habari za gari hakuzigusa, na mimi nikakosa mahali pa kuingilia.

Mkewe ndiye aliyenisindikiza jikoni tulipotoa vyombo. Akasimama na sahani mkononi.

"Mimi sikujua," akasema. "Hayo maandishi, sikuwahi kuona hata siku moja. Alikuwa anaangalianga peke yake."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja. Tangu tumzike Joshua, huyu mzee hajawahi kutaja jina lake kwa hii nyumba. Nikitaja, anatoka nje. Siku ile alirudi kutoka kwako akakaa hapo kwa kiti, akaniambia yote. Kuandika, kuchapa, yote. Tulilia mpaka tukashindwa kupika." Akaweka sahani kwenye beseni. "Sijui nikushukuru ama nikulaumu. Sijui, mama. Wewe nenda tu salama."

Nilipopanda boda, Mwalimu alikuja hadi kwenye lango. Akaniambia, "Kazi yako ni safi, Mama Ayuma. Usiiache. Lakini mimi sitaweza kusimama pale tena." Nikasema sawa. Tangu hapo anapiga honi tu. Anaponipungia mkono anatabasamu kweli, hanichukii. Nami naliona gari lake limechakaa tena, limejaa viduara kwenye milango, na hakuna ninachoweza kulifanyia.

Sasa unajua kwa nini huwa nazunguka gari pamoja na mwenyewe kabla sijataja bei. Ulikuwa unanicheka, unasema nahoji wateja kama polisi. Hii ni ya nini? Na hii? Wengi hawana habari, wanasema ni punda, ni ukuta, ni shemeji. Lakini yule mama wa kanisa aliyekataa nisiguse alama ya mkongojo kwenye mlango wa abiria, uliona uso wake. Hakuhitaji kunieleza zaidi.

Na jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba bei nayo ilinyooka hapo hapo. Ukishazunguka gari na mtu, mkaongea, ukamwambia hili litatoka, hili halitatoka, hili nakushauri uliache kwa sababu rangi imebaki nyembamba, hutazami tena viatu vyake. Unajua kazi ni kiasi gani. Unataja, halafu unanyamaza. Kunyamaza ndiko kulinichukua miaka. Nilikuwa nataja bei kisha naanza kuitetea, nikiitetea naishusha, nikiishusha mtu anaingiwa na shaka. Wengine bado walivuka barabara. Niliwaacha wavuke. Wale vijana wenyewe walifunga baadaye, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi; barabara ilibaki kimya.

Nimefika kwenye jambo ambalo limenifanya nikae na kalamu hii.

Mwaka jana, yule mama wa Mombasa alipopitia hapa akitoka kuangalia ndege msitu wa Buyangu, utomvu ulikuwa umelimwagikia gari lake na jua likaukausha. Wewe ndiye uliyelifanya lile gari. Mimi nilikaa kwenye kiti. Alipolikagua aliniuliza, "Huyu msichana ni fundi wako? Mimi natafuta mtu kama huyu." Nami nikamwambia, "Bado anajifunza."

Ulikuwa nyuma yangu na ndoo. Ulisikia. Ulienda kufua vitambaa vilivyokuwa vimeshafuliwa. Tangu siku hiyo hatujawahi kuligusa neno hilo, si mimi, si wewe, hata alipokupigia simu mwenyewe mwaka huu akakuita.

Hukuwa unajifunza, Ayuma. Jinsi nilivyoogopa mteja asivuke barabara ndivyo nilivyoogopa wewe usiondoke. Nilikutajia bei ya chini kwa mtu aliyekuwa tayari kukupa thamani yako, ili ubaki. Fundi Musa angenipokonya mashine mkononi.

Na kuna lingine. Macho yangu hayaoni tena mikwaruzo ile hafifu. Umekuwa ukipita nyuma yangu na kumalizia sehemu nilizoruka, ukijifanya unafuta vumbi. Nilijua. Nilijifanya sijui kwa sababu tungeanza kuongea, tungefika hapa tulipofika leo. Magari ya rangi nyeusi na buluu sitayapokea tena. Nitaosha, nitasafisha viti, nitang'arisha taa za magari zilizopauka. Inatosha chakula cha mtu mmoja. Nakuambia mwenyewe ili usije ukasikia kwa jirani ukadhani mambo yameharibika, ukafunga begi. Usirudi kwa sababu hiyo. Rudi Krismasi kama watu wengine.

Leo jioni, baada ya kula, nilimpigia yule mama simu. Nilitaka asikie kutoka kwangu. Nikamwambia, "Mwaka jana nilikuambia Ayuma anajifunza. Haikuwa kweli. Ni fundi kamili, na bei utakayomlipa uifikirie hivyo."

Akacheka. "Mama, nililiona gari langu. Nilijua. Mimi pia ni mzazi." Tukaongea kidogo, sauti yake ni nzuri, nadhani atakutendea haki. Halafu akaniuliza, "Na wewe sasa utabaki na nani hapo?"

Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao unakatika. Nikakata simu. Nikakaa hapa kwenye kochi nikiwa nimeishika bado, nyumba nzima ikisubiri jibu.

Wewe ukiniuliza kesho, sitasingizia mtandao. Nitabaki peke yangu, mwanangu. Itauma. Nenda.

Mama yako